MBWA MWENYE KISUKARI: TUMBO KWANZA, SINDANO BAADAYE



Wengi wetu tunajua kuwa kisukari ni ugonjwa wa watu. Ni wachache wanaojua kuwa mbwa naye huugua kisukari. Mbwa anayekunywa maji mengi, anayekojoa ovyo, na anayekonda ingawa anakula vizuri, husemwa kuwa ana minyoo, au amezeeka, au amerogwa. Mara nyingine ni minyoo kweli. Mara nyingine ni kisukari. Na mbwa mwenye kisukari akianza kutapika au kuharisha, hapo ndipo hatari kubwa ilipo.

Katika makala haya tutaeleza jinsi ya kumtunza mbwa wa namna hiyo. Jambo kubwa la kukumbuka ni moja: sindano ya kisukari hufuata chakula. Tumbo likikataa chakula, sindano ile ile iliyomsaidia mbwa jana inaweza kumuua leo.

KISUKARI NI UGONJWA GANI?

Ndani ya tumbo la mbwa, karibu na utumbo mdogo, kuna kiungo kiitwacho kongosho. Wachinjaji wa mbuzi na ng'ombe wanakifahamu. Ni kinyama laini, kirefu, chenye rangi iliyopauka. Binadamu naye anacho.

Kongosho lina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kutoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta. Kazi ya pili ni kutengeneza insulini na kuiingiza katika damu.

Insulini inafanya nini? Chukua mfano wa ghala. Mahindi yamevunwa, yamerundikwa nje, lakini mlango wa ghala umefungwa na ufunguo umepotea. Mahindi yapo tele, lakini wenye nyumba wanalala njaa. Ndivyo ilivyo kwa mgonjwa wa kisukari. Chakula anachokula hugeuka kuwa sukari na kuingia katika damu. Insulini ndiyo ufunguo wa kuiingiza sukari hiyo katika nyama za mwili. Bila insulini, sukari hujaa katika damu na mwili unabaki na njaa.

Sukari ikizidi katika damu ya mbwa, kufikia kama milimoli 10 kwa lita, figo hushindwa kuizuia. Humwagika katika mkojo, nayo huvuta maji kwenda nayo. Kwa hiyo mbwa hukojoa sana, na kwa kuwa amepoteza maji, hunywa sana. Mwili nao, kwa kukosa sukari, huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Hiyo ndiyo sababu ya kukonda.

MBWA WALIVYOTUSAIDIA SISI BINADAMU

Inafaa tujue kuwa dawa ya kisukari wanayotumia watu leo ilipatikana kwa msaada wa mbwa. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, madaktari Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho. Mbwa yule akapata kisukari. Hapo ndipo ilipojulikana kuwa chanzo cha ugonjwa kiko katika kongosho.

Mwaka 1921, mjini Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa maji kutoka katika kongosho za mbwa na kuwachoma nayo mbwa wengine waliokuwa na kisukari. Sukari yao ikashuka. Bwana James Collip akasaidia kuisafisha dawa hiyo. Januari 1922 kijana mmoja, Leonard Thompson, aliyekuwa karibu kufa, alichomwa dawa hiyo na akapata nafuu. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari alikuwa akisubiri kifo tu.

DALILI ZA KUANGALIA

Mbwa anayepata kisukari mara nyingi ni mtu mzima, wa miaka 5 na kuendelea, na majike hupata zaidi kuliko madume. Angalia haya:

1. Anakunywa maji mengi kuliko kawaida yake.
2. Anakojoa mara nyingi, hata mahali asipozoea. Sisimizi huweza kujaa pale alipokojoa, kwa sababu ya sukari.
3. Anakula sana, lakini anakonda.
4. Macho yanaanza kuwa meupe, na anajigonga kwenye vitu. Kisukari huleta mtoto wa jicho kwa mbwa wengi.

Maji unaweza kuyapima mwenyewe nyumbani. Mfungie mbwa uani kwa siku 3. Mpe maji kwa chupa ya soda au ya maji unayojua kipimo chake, na uandike kila unapojaza. Mbwa wa kilo 15 kwa kawaida hafikishi lita 1 kwa siku. Akizidi lita 1 na nusu, na jua si kali kupita kiasi, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Lakini usiseme ni kisukari kabla ya kupima. Magonjwa ya figo huleta kiu. Jike mwenye usaha katika mji wa mimba hunywa maji mengi, hutapika, na huweza kufa upesi. Minyoo na magonjwa ya kupe hukondesha. Daktari atapima tone la damu kwa kipima sukari, na atapima mkojo. Kwa vipimo vikubwa zaidi, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana kituo hapa Mwanza.

KWA NINI TUMBO LAKE HUVURUGIKA?

Mbwa mwenye kisukari huweza kupata ugonjwa wa tumbo kwa sababu nyingi. Tutataja tano zilizo muhimu.

Kwanza, mafuta. Hapa kwetu kando ya ziwa, chakula cha mbwa wengi ni mabaki ya samaki. Mapanki ya sangara, vichwa, na hasa mafuta ya tumboni mwa sangara, hutupwa kwa wingi na mbwa huyapenda. Mafuta mengi kwa mara moja yanaweza kuwasha kongosho na kulivimbisha. Mbwa hutapika, hukunja mgongo kwa maumivu, na hukataa kula. Kongosho likivimba mara kwa mara huharibika, na hivyo kisukari huongezeka. Hapa tumbo na kisukari ni ugonjwa wa kiungo kimoja.

Pili, kongosho kushindwa kazi yake ya kwanza. Maji ya kusaga chakula yakikosekana, chakula hupita bila kusagwa. Kinyesi huwa kingi, laini, cheupe-cheupe, chenye mafuta na harufu kali. Mbwa hula bila kushiba na hubaki mifupa mitupu.

Tatu, minyoo na uchafu. Mto Mirongo hupita katikati ya jiji na kuingia ziwani, ukiwa umebeba maji machafu na taka za mitaa. Mbwa anayezurura kando yake hunywa maji hayo na kula majalalani. Hali ni hiyo hiyo katika mialo na masoko ya vijijini.

Nne, kubadilisha chakula kwa ghafla. Leo ugali na dagaa, kesho makombo ya harusi.

Tano, kisukari chenyewe kikizidi. Mwili ukiyeyusha mafuta mengi, damu huwa na asidi. Mbwa hutapika, hulegea, hupumua kwa nguvu, na pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi, au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Huyu asilale nyumbani. Apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo.

CHAKULA CHAKE

Mbwa mwenye kisukari hahitaji chakula cha ghali. Anahitaji chakula kisichobadilika. Mpe mara 2 kwa siku, kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, chakula kile kile, kwa bakuli lile lile, kipimo kile kile.

Ugali wa dona ni bora kuliko wa sembe, kwa sababu pumba hupunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Changanya na mnofu wa samaki uliochemshwa, au dagaa waliooshwa vizuri mchanga ukatoka, na mchicha kidogo. Usitie kitunguu, maana kitunguu ni sumu kwa mbwa. Ondoa miiba na mifupa iliyopikwa. Usimpe mafuta ya sangara, ngozi ya kuku, maandazi, miwa, wala uji wenye sukari.

Jambo gumu zaidi ni kuzurura. Tuseme una mbwa anayelinda duka pale Mirongo. Usiku hufunguliwa, naye hupitia kwa mama lishe na majalalani. Asubuhi hujui amekula nini, kwa hiyo hujui umchome kiasi gani. Mbwa huyu huwezi kumtibu mpaka akae ndani ya ua au afungwe kwa kamba ndefu penye kivuli. Waambie na majirani, na watoto hasa, wasimtupie chakula.

SINDANO

Mbwa wengi wenye kisukari huhitaji insulini mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, maisha yao yote. Kiasi ataamua daktari kwa kufuata uzito wa mbwa na vipimo. Usiongeze wala usipunguze kwa kubahatisha, isipokuwa kama mlivyokubaliana naye.

Wengine huuliza: kongosho la ng'ombe lina insulini, je, haifai kumlisha mbwa? Kwa kisukari haifai. Insulini ikiliwa, tumbo huisaga kama linavyosaga nyama. Ndiyo sababu huchomwa chini ya ngozi. Lakini kwa mbwa yule ambaye kongosho lake limeshindwa kusaga chakula, kongosho bichi la ng'ombe lililosagwa na kuchanganywa na chakula ni dawa ya kweli. Liwe la mnyama aliyekaguliwa na mkaguzi wa nyama, na usilipike, kwa sababu moto huua nguvu yake. Daktari atakueleza kiasi.

Unapochoma, fuata hatua hizi:

1. Mpe mbwa chakula kwanza. Mtazame mpaka amalize.
2. Kama dawa ni ile yenye rangi ya maziwa, ibiringishe polepole katikati ya viganja. Usiitikise kwa nguvu.
3. Tumia bomba linalolingana na dawa. Dawa yenye yuniti 100 kwa mililita huenda na bomba la yuniti 100. Ukichanganya mabomba, kipimo kinakuwa cha uongo.
4. Vuta ngozi iliyolegea ubavuni au mgongoni, kisha choma chini yake. Kila siku badilisha mahali.
5. Andika katika daftari: saa, kiasi alichokula, kiasi cha dawa, na hali ya kinyesi.
6. Sindano zilizotumika tia katika chupa ngumu ya plastiki na uipeleke zahanati. Usizitupe jalalani.

Dawa isiyofunguliwa huwekwa katika jokofu, lakini isigande. Dawa iliyoganda haifai tena. Iliyofunguliwa inaweza kukaa mahali pa baridi nyumbani, isizidi wiki 4. Kama huna jokofu, chukua chungu kidogo, kiweke ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati na uumwagie maji kila siku. Funga dawa katika mfuko wa plastiki na uiweke katika chungu cha ndani, kivulini. Usiiweke dirishani wala juu ya bati.

SIKU MBWA ANAPOTAPIKA AU KUKATAA KULA

Hapa soma polepole, ndugu msomaji, kwa sababu hapa ndipo mbwa wengi wanapopotea.

Insulini huishusha sukari ya damu. Kama mbwa amekula, kuna sukari mpya inayoingia. Kama hakula, au amekula akatapika, hakuna sukari inayoingia, lakini dawa inaendelea kuishusha ile iliyopo. Sukari hushuka kupita kiasi na mbwa huweza kufa kwa saa chache. Kwa upande mwingine, ukimwacha bila dawa siku nzima au zaidi, asidi huongezeka katika damu, nayo huua. Kwa hiyo huwezi kuchoma kama kawaida, wala huwezi kukaa kimya.

Fanya hivi:

Kama amekula chote na hakutapika, mpe dawa kamili.

Kama amekula nusu, au hakula, au ametapika, usimpe dawa kamili. Mpigie daktari simu. Madaktari wengi huagiza nusu ya dawa kwa aliyekula kidogo, na huwa na agizo lao kwa asiyekula kabisa. Usisubiri siku hiyo ifike. Muulize mapema, siku ile unapopewa dawa, na uandike jibu lake kwenye jalada la daftari.

Maji usimnyime. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi, yaliyochemshwa na kupozwa. Maji ya chumvi na sukari tunayowapa watoto wanaoharisha yana sukari ndani yake. Usimpe mbwa mwenye kisukari bila kuambiwa na daktari.

Usimpe dawa za watu. Diklofenaki, ibuprofeni na parasetamoli zinaweza kumuumiza tumbo, figo au ini. Akitibiwa na mtu mwingine, mwambie mapema kuwa mbwa huyu ana kisukari, kwa sababu dawa kama prednisoloni na deksamethasoni hupandisha sukari.

Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo kama ametapika zaidi ya mara 2, kama kinyesi kina damu, kama amelegea, au kama pumzi inanuka kama tulivyoeleza.

Tahadhari moja kwa ajili yako mwenyewe. Mbwa anayetokwa mate mengi, anayeshindwa kumeza, aliyebadilika sauti au tabia, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Usimfungue mdomo kumtazama. Mfungie na umwite daktari wa mifugo. Ukiumwa, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa. Kila mbwa achanjwe kila mwaka, awe na kisukari au asiwe nacho.

SUKARI IKISHUKA

Dalili zake ni hizi: mbwa anatetemeka, anayumba kama mlevi, anashangaa, anaanguka, au anapata degedege. Ukimwona hivyo baada ya sindano, usipoteze wakati. Mpake asali au sukari iliyokorogwa kwa maji kidogo kwenye fizi, upande wa ndani wa shavu. Usimmiminie kooni, asije akapaliwa. Kama yumo katika degedege, usitie vidole katikati ya meno. Akizinduka na kuweza kumeza, mpe chakula. Kisha mpeleke kwa daktari. Usimchome tena mpaka daktari aseme.

Nyumba yenye mbwa wa kisukari isikose asali au sukari.

KINGA

Mpe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3. Ogesha au paka dawa ya kupe. Fukia kinyesi chake na unawe mikono, kwa sababu baadhi ya minyoo ya mbwa huwapata watoto. Kisukari chenyewe hakiambukizi, si kwa watu wala kwa mbwa wengine.

Usimnenepeshe mbwa. Na kama ni jike, mwombe daktari amtoe kizazi. Homoni za wakati wa joto na za mimba huizuia insulini kufanya kazi. Jike mwenye kisukari asiyetolewa kizazi ni vigumu sana kumtibu.

KAMA UWEZO HAUPO

Lazima tuseme ukweli. Insulini hununuliwa kila mwezi, na sindano ni mara 730 kwa mwaka. Si kila kaya inaweza. Kama nyumbani kuna mtu mwenye kisukari, dawa yake ni yake. Usimpunguzie binadamu ili umchome mbwa, wala usitumie sindano moja kwa wote wawili.

Kaeni kama familia, mhesabu gharama, mwamue ni nani atachoma asubuhi na nani jioni. Kama haiwezekani, mwambieni daktari wa mifugo bila aibu. Anaweza kumlaza mbwa milele kwa dawa, bila maumivu. Hilo ni jambo la huruma. Kumtupa jalalani, kumpiga mawe au kumtegea sumu ni ukatili, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inaukataza ukatili kwa wanyama.

Lakini pale inapowezekana, mbwa aliyetunzwa vizuri huishi miaka kadhaa baada ya kugundulika, akilinda nyumba na mifugo kama kawaida. Kinachohitajika ni saa, bakuli, daftari na moyo wa kujali. Kila asubuhi jiulize swali moja kabla ya kugusa sindano: Je, amekula, na chakula kimekaa?

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kongosho lina kazi gani mbili?
2. Kwa nini mbwa mwenye kisukari hunywa maji mengi?
3. Kwa nini ni hatari kumchoma insulini kamili mbwa aliyetapika?
4. Kwa nini insulini haiwezi kuliwa kama chakula?
5. Katika mtaa au kijiji chenu, mbwa hula nini? Chakula hicho kina mafuta kiasi gani? Mnaweza kufanya nini ili wasizurure majalalani?
6. Daktari wa mifugo aliye karibu nanyi yuko wapi, na mnampataje usiku?